Kukopa kwa Watu Binafsi Ili Kununua na Kuuza Nyumba

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Kazi yangu ni kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza. Benki nimeziepuka kwa kuogopa riba, lakini nimepata watu binafsi walio tayari kunikopesha kwa sharti la kuwarudishia fedha zao pamoja na asilimia 10 ya ziada baada ya mwaka. Sote tumeridhiana. Je, inafaa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia saini. Makubaliano hayo hayafai, kwani nyongeza inayoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, awe mkopeshaji ni benki au ni rafiki yako, na kuridhiana hakuhalalishi kilichoharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Wala dhambi si ya mpokeaji peke yake, katika Hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema kuwa wote ni sawa.

Hata hivyo, watu hao hao wanaweza kuingia nawe katika mudharaba: wao watoe mtaji, wewe utoe kazi, na faida mgawane kwa mafungu mliyokubaliana tangu mwanzo, kama vile nusu kwa nusu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo usome mkataba neno kwa neno. Ukisema "asilimia 10 ya faida itakayopatikana", umesalimika; ukisema "asilimia 10 ya mtaji", au ukiwa na kifungu kwamba mwenye fedha atarejeshewa mtaji wote hata nyumba ikiuzwa kwa hasara, huo ni mkopo wa riba uliovishwa jina la ushirika. Hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, nawe jasho lako limepotea. Utamlipa tu iwapo umefanya uzembe au umekiuka masharti, mathalani kununua nyumba yenye mgogoro wa hati ilhali alikukataza. Nawe ukichangia mtaji, hasara itagawanywa kwa kadiri ya fedha za kila mmoja.

Najua baadhi yao watajitoa ukiwaeleza haya, na jambo hilo linaumiza. Wanaobaki waonyeshe hesabu za nyumba ulizokwisha kuuza, bei ya kununulia, gharama za ukarabati na bei ya kuuzia, ikiwemo nyumba iliyokupa hasara, kisha muandikiane mbele ya mashahidi.

Wallahu a'lam.