Maswali ya Wasomaji: Ukiingia Uzamivu wa Uchumi, Utakutana na Nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya kwanza na ya uzamili ya uchumi, zote nimezipata hapa nchini, na kwa sasa nafanya kazi katika idara ya mikopo ya benki. Nimekuwa nikifaulu vizuri tangu shule ya msingi, na kila aliyenifundisha hunihimiza nisonge mbele hadi uzamivu. Nataka kuomba nafasi Marekani, lakini naambiwa mambo yanayogongana: mmoja anasema ni hesabu tupu, mwingine anasema ni kuandika tasnifu kama ile ya uzamili, ila ndefu zaidi. Naomba unieleze nitakutana na nini na nijiandae vipi. Nina mume na mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo suala la muda na fedha nalo linanihusu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kila mmoja wa waliokushauri amekueleza kipande kimoja cha safari ya miaka mitano au sita, na ndiyo maana maneno yao hayapatani. Katika vyuo vikuu vya Marekani, uzamivu wa uchumi una sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza, inayochukua takribani miaka miwili, ni ya darasani: unafundishwa, unapewa mazoezi, unatahiniwa. Ya pili ni ya utafiti, na humo hakuna silabasi wala ratiba ya mitihani, na ni wachache watakaokutafuta kukuuliza umefika wapi usipowafuata wewe. Watu wengi huiogopa sehemu ya kwanza. Mimi, kwa niliyoyaona kwa wanafunzi niliowafundisha na kuwaandikia barua za mapendekezo, nakuomba uiandalie moyo zaidi ile ya pili, hasa kwa kuwa wewe ni mtu aliyezoea kufaulu.

Mwaka wa kwanza una masomo matatu ambayo kila mwanafunzi huyasoma, awe anakusudia kuwa mtaalamu wa kilimo, wa benki au wa biashara ya kimataifa. Kuna uchumi mdogo, unaohusu mlaji, kampuni na soko. Kuna uchumi mpana, unaohusu pato la taifa, ajira na mfumuko wa bei. Na kuna ekonometria, yaani mbinu za kitakwimu za kupima uhusiano wa mambo ya kiuchumi. Majina ni yaleyale uliyoyaona katika shahada zako mbili, lakini yaliyomo ni mengine. Katika shahada ya kwanza ulichora mchoro ukaonyesha mlaji anavyochagua kati ya mchele na unga kulingana na bei na kipato chake. Katika uzamivu, zoezi la wiki za mwanzo linaweza kukutaka uthibitishe, hatua kwa hatua na bila mchoro wowote, kwamba mlaji anayeweza kulinganisha kila kapu la bidhaa na jingine, asiyejipinga katika ulinganishaji huo, na ambaye mapendeleo yake hayaruki ghafla kapu linapobadilika kidogo, mapendeleo yake yanaweza kuwakilishwa kwa namba. Hutaulizwa jibu ni ngapi. Utaulizwa kwa nini ni lazima iwe hivyo, na ni sharti gani kati ya hayo likiondolewa hoja nzima huanguka. Mazoezi ya namna hiyo huja kila wiki katika masomo yote matatu, na ni jambo la kawaida swali moja kumaliza Jumamosi nzima.

Kwa sababu hiyo, kamati za udahili hutazama alama zako za hisabati kabla ya kutazama alama zako za uchumi. Wahitimu wengi wa uchumi wa vyuo vyetu wamesoma kalkulasi na takwimu kama vifaa vya kukokotoa, lakini hawakuwahi kufundishwa kuandika uthibitisho, na hapo ndipo pengo lilipo. Ningekuwa na uwezo wa kukuamulia, ningekutaka utumie mwaka mzima kabla ya kuomba kusoma aljebra ya mistari, nadharia ya uwezekano, na uchambuzi wa namba halisi, ambalo ndilo somo linalofundisha uthibitisho kwa ukali kuliko mengine. Ulizia katika idara ya hisabati ya chuo kilicho karibu nawe kama wanapokea mwanafunzi wa somo moja moja. Kujisomea nyumbani kutakusaidia wewe, lakini kamati haiwezi kukuona ukiwa nyumbani. Inaona alama iliyoandikwa kwenye transkripti. Vyuo vinavyodai GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hutarajia alama ya juu sana katika sehemu ya hesabu, kwa kuwa hesabu zake ni za kiwango cha sekondari: alama nzuri haikupandishi sana, ila mbaya hukushusha.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, au karibu na hapo, huja mitihani ya kufuzu. Vyuo vingi hutoa nafasi ya kurudia mara moja, na anayeshindwa tena kwa kawaida huondoka na shahada ya uzamili. Ni kipindi kigumu, lakini kinavumilika, kwa sababu swali lipo, jibu lipo, na wenzako mnaosoma nao wapo. Tafuta kikundi cha kusomea tangu wiki ya kwanza, wala usingoje uelemewe ndipo uombe msaada. Mwanafunzi anayejifungia chumbani kwa kuona haya kuuliza ndiye anayepata taabu kuliko wote. Mwaka wa pili unachagua nyanja mbili hivi, kwa mfano uchumi wa maendeleo na uchumi wa kazi, na masomo yake huwa mepesi kidogo.

Kisha unafika mwaka wa tatu. Mtu aliyepata alama za juu maisha yake yote kwa kujibu maswali ya wengine sasa anatakiwa alete swali lake mwenyewe, liwe halijajibiwa, liwe na maana kwa watu wasiomjua, na liwe linaweza kujibiwa kwa takwimu zinazopatikana. Miezi inapita bila kitu cha kuonyesha. Wazo la Jumatatu likipelekwa kwa profesa Alhamisi linagundulika kuwa liliandikwa na mtu mwingine miaka kumi iliyopita. Nimeona vijana hodari wakididimia hapa, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa hakuna aliyewaeleza mapema kwamba kukataliwa kwa mawazo tisa kati ya kumi ndiyo kazi yenyewe.

Nikupe mfano wa swali zuri, tena la nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi wataalamu walishangaa kwa nini wakulima wengi wa mahindi nchini Kenya hawapandi mbegu chotara kila msimu, ilhali kwa wastani mbegu hizo huzaa zaidi, na wengi walilaumu ujinga au ukaidi wa mkulima. Tavneet Suri, mchumi kutoka Kenya aliyepata uzamivu wake chuo kikuu cha Yale na ambaye sasa anafundisha chuo kikuu cha MIT, vyote vya Marekani, alitumia takwimu za kaya zilezile zilizofuatiliwa kwa miaka kadhaa, akauliza iwapo faida ya mbegu hizo ni sawa kwa kila mkulima. Aligundua kwamba haiko sawa. Wapo ambao faida yao halisi ni ndogo, na kwao kutopanda chotara ni uamuzi wenye busara. Na wapo ambao wangevuna faida kubwa sana, lakini gharama za kuzipata mbegu na mbolea, kwa sababu ya umbali na miundombinu duni, zinawazuia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Econometrica. Utaona kwamba swali lenyewe hata bibi yangu angelielewa. Hesabu za mwaka wa kwanza ndizo zilizomwezesha mtafiti kutenganisha mkulima asiyehitaji na mkulima asiyefikiwa, na sera zinazowafaa watu hao wawili si moja.

Wewe umekaa idara ya mikopo, kwa hiyo unajua mambo ambayo mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja chuoni hayajui. Unajua mteja anayerejesha mkopo wa benki kwa kukopa kwenye kikoba, na unajua kwa nini hati ya kiwanja inakubaliwa kuwa dhamana lakini duka lenye wateja halikubaliwi. Anza sasa kuyaandika katika daftari, kila swali na tarehe yake.

Jiandae pia kwa utamaduni wa semina. Katika idara za uchumi, mtoa mada hukatizwa mapema, wakati mwingine kabla hajamaliza kueleza swali lake, na wakatizaji hawaombi radhi. Kwetu sisi tuliolelewa kumsikiliza mkubwa hadi amalize, jambo hilo linaumiza mwanzoni, na wengine huchagua kunyamaza kwa miaka. Usinyamaze. Anayeuliza katika semina ndiye anayejulikana, na msimamizi hujitolea zaidi kwa mwanafunzi anayemjua. Katika kuchagua msimamizi, waulize wanafunzi wake wa sasa anasoma kazi zao baada ya muda gani na waliomaliza chini yake wako wapi. Sifa zake katika majarida hazitakusaidia kama hana nafasi ya kukusoma.

Kuhusu fedha, vyuo vizuri vya Marekani husamehe ada na kutoa posho ya kila mwaka pamoja na bima ya afya, nawe hulipa kwa kusaidia kufundisha au kusaidia utafiti. Nafasi isiyo na ufadhili usiipokee, hata kama jina la chuo ni kubwa. Hata hivyo, posho hiyo hupangwa kwa kumfikiria mtu mmoja. Mwenzi wa mwanafunzi anayeingia kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na vituo vya kulelea watoto huko ni ghali mno. Kaeni chini wewe na mumeo mpige hesabu ya miaka sita, si ya miwili, na muulizane wazi kama ataacha kazi yake, au mtaishi mbalimbali kwa muda, na mtoto atakaa na nani. Mazungumzo hayo yakiahirishwa hadi viza itoke, huwa yameshachelewa.

Wala Marekani si njia pekee. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao yake Nairobi, una programu ya pamoja ya uzamivu iliyoanza mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo. Nayo ina masomo ya darasani na mitihani ya jumla kabla ya tasnifu, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukusanyika Nairobi kwa masomo ya kuchagua. Kwa mtu mwenye familia anayetaka kufanya utafiti wa sera na kufundisha katika ukanda huu, mimi siihesabu kuwa njia ya daraja la pili. Inalopungukiwa ni wingi wa wasimamizi na uhakika wa ufadhili, kwa hiyo uliza mapema ufadhili wa mwaka husika umekaaje. Ulaya nako, katika nchi nyingi, huingii kabla ya uzamili, na muda huwa mfupi kidogo, miaka mitatu au minne baada ya hapo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na naipenda taaluma hii, lakini jamaa zangu wanasema uzamivu wa uchumi humfikisha mtu kwenye kufundisha tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli, ingawa kufundisha ni kazi ninayoiheshimu na ninayoifanya. Marehemu Profesa Benno Ndulu alipata uzamivu wake chuo kikuu cha Northwestern, akafundisha Dar es Salaam, akaiongoza AERC, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Benki kuu, wizara za fedha, taasisi za utafiti wa sera kama KIPPRA ya Kenya na REPOA ya Tanzania, pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, zote huajiri watu wenye shahada hii.

Jambo la kufahamu ni kwamba kwa wanaohitimu Marekani, soko la ajira lina msimu wake. Maombi hutumwa miezi ya Oktoba na Novemba, mara nyingi zaidi ya mia kwa mtu mmoja. Usaili huanza Desemba na Januari, kisha wachache hualikwa kutembelea idara na kutoa semina. Waajiri humpima mwombaji hasa kwa makala moja, ile iliyo bora katika tasnifu yake, na kwa barua za wasimamizi. Ndiyo sababu mwaka wa tano wote huenda kwenye makala hiyo moja.

SWALI: Binti yangu anamaliza shahada ya kwanza ya uchumi na hisabati akiwa na alama za juu. Anataka kuomba uzamivu moja kwa moja bila uzamili. Mimi na mama yake tunaona kama anaruka ngazi. Tumzuie?
Mzazi, Iringa

JIBU: Msimzuie, mzee wangu. Marekani huruhusu kuingia kutoka shahada ya kwanza, na mwenye hisabati imara kama yeye huenda akaanza vizuri kuliko mwenye uzamili usio na hisabati. Ningemshauri tu afanye kwanza kazi ya usaidizi wa utafiti kwa mwaka mmoja au miwili, ajifunze kusafisha takwimu kwa programu ya Stata au R, na aone kama kazi yenyewe anaipenda. Akifanya hivyo chini ya mtafiti anayechapisha, atapata barua ya mapendekezo inayoeleza kazi aliyoifanya, ambayo ina uzito kuliko barua ya mwalimu aliyemfundisha katika darasa la watu mia tatu. Maombi kwa kawaida hufungwa Desemba, majibu hutoka Februari na Machi, na vyuo vingi humpa mwanafunzi hadi tarehe 15 Aprili kukubali au kukataa. Kila chuo kina ada ya maombi, lakini vingi huisamehe kwa anayeomba msamaha kabla ya kutuma fomu, basi na aombe.