Halloween bila kutoboa mfuko: maswali yenu, majibu yetu

Tarehe 31 Oktoba inakaribia, na maswali mengi tuliyopokea yanatoka kwa familia zinazoishi Marekani, ambako watoto hurudi kutoka shule wakiulizia Halloween, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, na familia huweka nje boga lililochongwa sura lenye taa ndani.

Nina watoto watatu na kila mmoja anataka vazi la dukani. Nikipiga hesabu, ni pesa ya chakula cha wiki nzima.

Mama, anzia kabatini. Vazi hili huvaliwa saa mbili tatu tu, tena gizani, na kinachomtambulisha mtoto ni kitu kimoja au viwili. Fulana na suruali nyeusi, masikio ya karatasi ngumu kwenye kibanio cha nywele, masharubu ya wanja: tayari ni paka. Roboti ni boksi lililofunikwa foili ya jikoni, ila liishie juu ya magoti, la sivyo mtoto hatapanda ngazi za nyumba za watu. Shuka la mzimu huwasumbua wengi kwa sababu matundu ya macho yanahama mtoto akitembea. Lishone kwa ndani kwenye kofia yake, pindo likome juu ya vifundo vya miguu.

Kama ni lazima ununue, pita kwenye maduka ya mitumba, mfano Goodwill, mwanzoni mwa Oktoba, na uchukue saizi moja zaidi ili sweta iingie ndani. Majimbo ya kaskazini jioni hiyo huwa na baridi, na inauma kuona vazi ulilohangaikia likiishia chini ya koti.

Boga letu mwaka jana lilioza kabla ya siku yenyewe. Tulikosea wapi?

Bila shaka mlilichonga mapema. Boga zima hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye ubaridi, lakini likishakatwa lina siku tatu hadi saba, na penye joto hata chini ya hapo. Linunueni mapema mkitaka, ila mlichonge tarehe 29 au 30. Dukani bonyeza kitako: pakibonyea, liache. Wala usilibebe kwa kikonyo, kinakatika.

Unapokata kifuniko, laza kisu kwa mshazari kuelekea katikati ya boga, kikae kama kizibo. Ukikata wima, kitadumbukia ndani. Kwangua ukuta wa mbele hadi ubaki unene wa kama inchi moja: ukiwa mnene mwanga haupenyi vizuri, ukiwa mwembamba sura inanyauka upesi. Kingo zote zilizokatwa zipake mafuta ya mgando zisikauke. Ndani weka taa ndogo ya betri. Mshumaa hulipika boga polepole, na moto wake ni hatari kwa mavazi ya watoto.

Mbegu msitupe. Zioshe, zichemshe dakika 10 kwenye maji ya chumvi, kisha zikaushe vizuri kwa kitambaa, maana zikiingia ovenini na maji zinakuwa ngumu kutafuna. Changanya na kijiko kimoja cha mafuta, tandaza bila kurundika, oka kwa nyuzi 350 za Fahrenheit dakika 15 hadi 20, ukigeuza katikati.

Ninunue pipi kiasi gani?

Muulize jirani mwaka jana walipita watoto wangapi. Wakiwa 40, vipande viwili kila mmoja, unahitaji 80. Dukani gawanya bei kwa idadi ya vipande: mfuko wa dola 15 wenye vipande 100 ni senti 15 kwa kipande, wa dola 6 wenye 30 ni senti 20, ingawa unaonekana rahisi. Gawa kwa mkono wako, kwani bakuli lililoachwa barazani lenyewe laweza kuisha kwa dakika chache. Kumbuka pia kwamba Snickers na Reese's zina karanga, na wako watoto ambao karanga zinawadhuru vibaya.

Imani yetu haituruhusu kusherehekea. Watatugongea?

Zima taa ya barazani; wengi wataelewa na kupita. Huna deni kwa mtu.

Watoke saa ngapi, na wabebe nini?

Miji mingi hutangaza muda wake, mara nyingi kati ya saa 11 na nusu jioni na saa 2 usiku. Hakikisha na tarehe: kule Des Moines, Iowa, kwa miaka mingi watoto walitoka tarehe 30, na walitoa kichekesho ndipo wapewe pipi. Foronya ndiyo mfuko bora, maana wa karatasi ukilowa unachanika. Kila mtoto awe na tochi, na vazi jeusi libandikwe utepe unaoakisi taa za magari. Nyumbani, kabla hawajala, tupa pipi yoyote ambayo karatasi yake imefunguka.

Kuanzia tarehe 1 Novemba maduka hupunguza sana bei za mavazi yaliyobaki. Nunua ya mwakani siku hiyo, saizi mbili juu.