Mdogo wako arudi Moshi kufungua ofisi ya uwakili? Jibu la aliyepitia

Mkuu umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza sheria arudi Moshi kufanya uwakili, na kama hizi kesi za bure anazozipenda hazitamlaza njaa. Wadau wengi humu wanajibu kwa hesabu za Dar. Mimi niliapishwa 2012 na ofisi yangu iko hapa hapa Moshi mjini, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Asianze kutafuta chumba cha ofisi. Ile shahada ya miaka minne haimpi joho. Bado kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) kule Dar, na mnakumbuka matokeo ya 2022 yalivyozua kelele hadi Waziri akaunda kamati: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia mitihani 342, waliofeli kabisa 265. Akivuka hapo ndipo Jaji Mkuu anamwapisha, na hapo sasa tunaweza kuongea habari ya njaa.

Njaa ipo, sifichi. Miaka miwili ya kwanza kodi ya ofisi ililipwa na mhuri: viapo vya majina yasiyolingana kwenye vyeti, mikataba ya kuuziana viwanja, basi. Kuna mawakili wanaona aibu kugonga mhuri. Hao wana wajomba wenye hela.

Sasa hizo za bure. Wiki ya Sheria ya kwanza baada ya kuapishwa nilikaa mezani na wenzangu tukitoa ushauri, akaja mama mmoja mjane kutoka Kibosho na mfuko wa Rambo umejaa karatasi. Mume amefariki, shemeji kateuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho mama hakuitwa, na sasa anakigawa kihamba, lile shamba la migomba la familia, kana kwamba wale watoto watatu hawapo. Mama alipinga, akashindwa. Enzi hizo wakili haruhusiwi kusimama Mahakama ya Mwanzo, lakini rufaa ya Wilaya ningeweza kuisimamia. Nikamwambia, "Usijali mama, niachie karatasi."

Nikaziweka chini ya jalada la mteja wa lori, anayelipa.

Nilipozishika tena nilihesabu siku 30 za rufaa kuanzia tarehe ya mhuri wa nakala, badala ya tarehe hukumu iliposomwa. Nilikuwa nimepitiliza siku sita. Nikaomba kuongezewa muda, nikala kiapo kwa jina langu kwamba uzembe ni wangu. Hakimu akanijibu kwa upole tu, jambo lililouma zaidi: uzembe wa wakili si sababu ya msingi. Maombi yakatupwa. Nje pale kwenye ngazi mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, hilo kosa ni la kwangu mimi?"

Wiki ile sikulala vizuri. Nikarudi kusoma kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo neno kwa neno, kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu, fomu namba tano. Karani akaniangalizia jalada. Hakuna fomu. Na ulikuwa mwezi wa tisa tangu ateuliwe.

Jumapili nikapanda Kibosho baada ya misa. Sikuvaa suti. Nikawaamkia wazee, tukakaa migombani, nikanywa mbege niliyopewa, kisha nikamuuliza yule shemeji swali moja tu: orodha umeipeleka lini? Akanyamaza. Nikaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba msimamizi asiyetimiza hilo mahakama inaweza kumtengua. Mzee mmoja akamgeukia na kumwambia maneno ya Kikibosho ambayo sitayaandika hapa. Makubaliano yaliandikwa siku ileile na baadaye yakapelekwa mahakamani: nyumba na migomba ya juu kwa watoto, mama abaki humo.

Na mwaka uliofuata nani aliniletea kesi ya ajali ya gari yake, kwa malipo kamili? Yule yule shemeji.

Toka hapo nina utaratibu. Ijumaa mchana ni ya wasiolipa, na majalada yao hayazidi matano kwa wakati mmoja. Kila jalada, la bure au la hela, lina tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu juu ya ganda. Wengine nawaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Hawasimami mahakamani, ila vijijini wanafika kuliko mimi. Kazi kubwa ya Ijumaa wala si kesi, ni kumwambia mtu kwamba tangu 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, na zikipita siku 30 bila suluhu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado wanakuja watu waliozungushwa kata mwaka mzima.

Kama mdogo wako yuko likizo, nitumie ujumbe nikuelekeze ofisini, Ijumaa moja aje akae pembeni asikilize. Nauli ajitegemee, chakula cha mchana ni juu yangu.