Ndigana kali: kwa wanaoanza kuchukua na kusoma sampuli

Kabla hujafungua boksi la tyubu, jiulize unatafuta nini. Je, ng'ombe huyu anaumwa ndigana kali leo? Aliwahi kuambukizwa siku za nyuma? Au amepona lakini bado amebeba kimelea? Maswali haya matatu yana vipimo vitatu tofauti, na anayeyachanganya hurudi maabara na namba zisizojibu kitu. Tumeyaweka mbele kwa sababu makosa mengi ya wageni kwenye kazi hii yanaanzia hapo, sindano ikiwa bado iko mfukoni.

Kimelea chenyewe ni Theileria parva. Hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio, Rhipicephalus appendiculatus. Kupe huyu akishajishikiza hunyonya kwa siku tatu hadi nne ndipo vimelea vinakomaa kwenye tezi zake za mate na kumiminwa mwilini mwa ng'ombe. Hapo huingia ndani ya seli nyeupe ziitwazo limfosaiti na kuzifanya zizaane ovyo kama seli za saratani, na seli ikigawanyika kimelea nacho kinagawanyika humo humo. Hatua hii inaitwa skizonti, na ndiyo inayoua. Baada ya takribani siku 12 tangu maambukizi, baadhi ya vimelea hutoka na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, sasa vikiitwa piroplazma. Hao wanamngoja kupe mwingine aje kunyonya. Madhara yao kwa ng'ombe ni madogo.

Shika tofauti hiyo: skizonti kwenye tezi za ng'ombe zenye limfosaiti nyingi (ndizo tutakazoziita tezi kuanzia hapa), piroplazma kwenye damu. Daktari Mjerumani Robert Koch aliviona vimelea vidogo vya damu kwa ng'ombe wa Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa wa mkojo wa damu. Ilichukua miaka kadhaa, na vifo vingi vya ng'ombe kusini mwa Afrika, ndipo ikathibitika kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Kama jicho la Koch lilipotoka kwa kuangalia damu peke yake, lako pia linaweza.

Ukifika zizini, pima joto kwanza, kabla ng'ombe hawajakimbizwa kuingizwa kwenye kibanio. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38.0 hadi 39.3, kuanzia 39.5 hesabu ni homa, na kwenye ndigana kali hupanda hadi 41 au zaidi. Kipimajoto kiguse ukuta wa utumbo. Kikizama katikati ya kinyesi kitakusomea chini, na mnyama mwenye homa ataandikwa mzima. Jua la saa saba mchana nalo hupandisha joto, kwa hiyo wahi alfajiri, jambo ambalo hata mfugaji atalipenda kwa kuwa mifugo bado haijaenda malishoni.

Halafu papasa tezi, upande wa kulia na wa kushoto, ulinganishe. Ya chini ya sikio huvimba kwanza kwa sababu ndiyo inayopokea majimaji kutoka sikioni walipo kupe. Kisha ya mbele ya bega, kisha ya mbele ya paja. Mfugaji mwenyewe mara nyingi ameshaiona mitoki kabla yako. Kwa Wamaasai ugonjwa huu ni oltikana, nao hawaichanganyi na ormilo, ule wa ng'ombe kuzungukazunguka. Msikilize na uandike jina alilolitaja na siku aliyoona dalili ya kwanza. Siku hiyo ni kipimo kama vilivyo vingine.

Sasa tezi. Hapa tutakaa kidogo, maana hakuna kitu kinachoharibiwa na wageni kama kioo cha tezi, yaani kioo cha hadubini kilichopakwa majimaji ya tezi. Nyoa manyoya, paka spiriti, usubiri ikauke kabisa. Spiriti ikiingia na sindano hupasua seli. Ikamate tezi kwa mkono wa kushoto, uibane kati ya kidole gumba na vidole vingine mpaka isiteleze tena chini ya ngozi. Tumia sindano mpya ya geji 18 hadi 20 yenye bomba la mililita 10. Ingiza hadi katikati ya tezi, vuta bomba mililita mbili hivi, kisha isogeze sindano mbele na nyuma mara nne au tano bila kuitoa. Achia mvuto kwanza, bomba lirudi lenyewe, ndipo uchomoe. Ukichomoa huku bado unavuta, kidogo ulichokipata kitarukia ndani ya bomba na hutakipata tena. Tenganisha sindano, jaza bomba hewa, rudisha sindano, sukumia tone kwenye kioo.

Tone zuri ni dogo, jeupe la kijivu, zito kidogo kama uji mwepesi. Ukiona damu nyekundu inapanda kwenye bomba, umegonga mshipa: acha, chukua sindano nyingine, anza upya. Usijipe moyo kwamba "labda kutakuwa na kitu".

Weka kioo cha pili juu ya tone, acha lisambae kwa uzito wake, halafu vitelezeshe viachane bila kukandamiza. Limfosaiti zenye kimelea ni kubwa na laini kuliko nyingine, hivyo ndizo zinazopasuka kwanza. Kioo kilichokandamizwa huonesha michirizi ya zambarau tu, na msomaji mwaminifu ataandika "hakisomeki" wakati mgeni ataandika "hakuna vimelea". Hayo mawili hayafanani hata kidogo. Tengeneza vioo vitatu kwa kila mnyama, uvipepee mpaka vikauke. Usivianike juani.

Andika namba ya mnyama kwa penseli kwenye ule upande wa kioo wenye ukungu. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye methanoli, na vioo ishirini visivyo na majina ni takataka.

Gandisha seli kwenye kioo kwa kukizamisha ndani ya methanoli safi dakika tano, siku hiyo hiyo. Chupa ya methanoli ikiachwa wazi hunyonya unyevu, na kwenye hadubini utaona vijishimo vinavyong'aa juu ya chembe nyekundu ambavyo wanaoanza huvihesabu kama vimelea. Vioo visivyogandishwa huliwa na nzi. Weka kwenye boksi lenye kifuniko. Na usivisafirishe ndani ya boksi moja na chupa za formalini. Mvuke wake unapita hata kwenye kifuniko kilichofungwa, na kioo kikipata mvuke huo rangi ya Giemsa, ya kuonesha vimelea, haishiki tena inavyotakiwa: kila kitu kinakuwa cha bluu mbaya.

Giemsa tunatumia ya asilimia 10: mililita 5 za rangi kwenye mililita 45 za bafa (maji yaliyotengenezwa yasibadilike asidi yake) ya pH 7.2, dakika 30. Ichanganye siku unayoitumia na uimwage baada ya kazi. Maji ya bomba si bafa. Yakiwa na asidi rangi inaelekea wekundu na viini vya vimelea havijitokezi, yakiwa na alkali kioo kizima kinazama kwenye bluu. Ukimaliza, suuza kwa kumimina bafa taratibu pembeni ya chombo ili utando wa juu uelee nje. Ukivuta kioo kupitia utando huo utabeba vumbi la rangi, na vumbi la rangi ndilo "kimelea" kinachopatikana kuliko vyote katika vioo vya wanaoanza.

Soma kwa lenzi ya 100 na mafuta. Skizonti utaiona ndani ya limfosaiti, pembeni ya kiini: mwili wa bluu hafifu wenye vitone vingi vyekundu vya zambarau, kama ulezi uliomwagika kwenye sahani. Hesabu seli nzima tu, na uandike ngapi kati ya ngapi. Neno "chanya" peke yake halimsaidii mtu anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi siku ya pili na ya nne. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja bila kujua alichoandika mwenzake, na wakitofautiana aitwe wa tatu.

Tukija kwenye damu: vimelea vidogo kama vijiti na nukta za mkato ndani ya chembe nyekundu vinaweza kuwa T. parva, lakini vinaweza pia kuwa T. mutans, na kwa hadubini huwezi kuvitofautisha. Isitoshe, ng'ombe aliyepona huendelea kubeba vichache kwa miezi au miaka. Kwa hiyo piroplazma chache kwa mnyama asiye na homa wala mitoki hazitoshi kumpa mtu dawa. Ujazo wa chembe nyekundu nao una la kusema: zungusha mrija wa kapilari mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika tano, usome asilimia. Ndigana kali huangusha zaidi seli nyeupe. Upungufu mkubwa wa damu ukiuona, fikiria ndigana baridi, mkojo wa damu au nagana, au zaidi ya kimoja kwa pamoja, jambo la kawaida huku kwetu.

Damu ya PCR, kipimo cha vinasaba vya kimelea, iwe kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi mara tu inapojaa. Heparini usiitumie, inazuia mmenyuko. Damu ya seramu iache igande kwa saa kadhaa kivulini, uizungushe, utenge seramu ndipo ugandishe. Ukiiweka friza ikiwa nzima, chembe zitapasuka na utapata maji mekundu. Kila mara unapotoa vinasaba, weka tyubu moja isiyo na damu yoyote ipitie hatua zote. Hiyo ikitoka chanya, kazi yote ya siku hiyo haiaminiki, hata kama matokeo mengine yanapendeza. PCR ya jeni p104 itakuambia kwamba T. parva yupo. Haitakuambia kama ndiye anayemuumiza ng'ombe leo. ELISA, kipimo cha kingamwili kwenye seramu, inajibu swali la zamani: mnyama alishakutana na kimelea. Ndama aliyenyonya dang'a naye anaweza kuwa na kingamwili alizopewa na mama yake.

Usisahau kuuliza kuhusu chanjo. Chanjo ya ndigana kali ni vimelea hai vya aina tatu, Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, vinavyohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji na kuchomwa sambamba na oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Ilibuniwa Muguga, Kenya, na imetumika sana kwa ndama wa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Ng'ombe aliyechanjwa atakuwa na kingamwili, na PCR yake inaweza kuwa chanya kwa muda mrefu. Angalia hereni ya sikio, uliza, andika. Utafiti wa maambukizi usio na safu ya chanjo kwenye daftari hauwezi kurekebishwa baadaye.

Matibabu ni buparvakuoni, miligramu 2.5 kwa kilo, ndani ya msuli wa shingo, na kwa mnyama aliye hoi hurudiwa baada ya saa 48. Dawa ya miligramu 50 kwa mililita maana yake mililita 1 kwa kilo 20: mtamba wa kilo 180 apate mililita 9. Pima kifua kwa utepe wa uzito. Kukisia kwa macho huishia kwenye dozi pungufu. Oksitetrasaiklini peke yake haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza, ingawa wengi huichoma kwa kuwa ni rahisi na ipo dukani. Mnyama akishaanza kutoa povu puani na kuhema kwa shida, mapafu yamejaa maji na nafasi ya kupona ni ndogo hata kwa dawa sahihi. Mwambie mfugaji hivyo kabla hajatoa fedha.

La usalama ni fupi. Ng'ombe aliyekufa ghafla akivuja damu nyeusi isiyoganda, usimpasue. Inaweza kuwa kimeta. Vaa glovu kila mara, na mimba iliyotoka usiiguse kwa mikono mitupu. Sindano moja kwa mnyama mmoja, la sivyo utaeneza ndigana baridi katika zizi ulilokuja kulisaidia.

Majibu ya kioo cha tezi mpigie mfugaji simu siku hiyo hiyo yanapopatikana. PCR inaweza kungoja wiki mbili. Ng'ombe mwenye skizonti hawezi. Kwenye fomu yako acha nafasi ya tarehe mfugaji aliyopewa jibu, karibu na tarehe ya sampuli, ili msimamizi aone siku ngapi zimepita kati ya hizo mbili.