Uliyeuliza chuo cha uzamili: soma tasnifu zao kabla ya kusoma orodha za ubora

Mkuu, umesema umepata udahili wa uzamili sehemu mbili, chuo kimoja cha hapa nyumbani na kingine cha nje ambacho kwenye orodha za dunia kimekiacha cha nyumbani kwa mamia ya nafasi. Habari ya ada umeshamalizana na mjomba wako, unataka kuchagua kwa ubora wa taaluma tu. Wachangiaji watano wa mwanzo wamekwambia panda ndege usigeuke nyuma. Mimi nilipanda ndege nisigeuke nyuma, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Fani yangu ni mwani. Nilitaka kusoma kwa nini ule mwani mnene, kotonii, unaoza na kukatika kamba nzima maji yakipata joto, wakati aina nyingine, spinosamu, inavumilia. Chuo nilikichagua usiku mmoja, simu mkononi: nikafungua orodha, nikaenda nchi niliyoipata ufadhili, nikachagua kilicho juu zaidi. Idara ilikuwa na neno "bahari" kwenye jina lake. Hilo likanitosha.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa heshima zake, machapisho kibao, ila yote ya samaki wa maziwa. Sikuwa nimefungua hata moja. Alikuwa na wanafunzi kumi na saba wa uzamili na uzamivu. Andiko langu la utafiti lilipita kwenye kamati dakika ishirini, likiwa na ratiba ya kukusanya sampuli Jambiani kuanzia tarehe fulani. Nikafika Unguja, nikapanga chumba, asubuhi nikashuka pwani na ndoo zangu. Mashamba yote yako chini ya maji. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuwa anaanua mwani wake mkavu akaniita, "Mwanangu, wewe umekuja na maji mafu. Subiri bamvua." Siku sita nikakaa kibarazani nalipia chumba, nikisubiri hizo siku za bamvua ambazo maji hutoka sana na mashamba kuonekana. Kosa la kwanza ni langu, nimezaliwa bara na sikuuliza. Lakini andiko lile lilisomwa na watu wanne wenye shahada za uzamivu, katika idara yenye neno bahari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yatakuwaje siku hiyo.

Sampuli nilizirudisha salama, nikaziweka kwenye friza ya maabara. Likizo ya mwisho wa mwaka umeme ukakatika siku mbili, jenereta ilikuwapo, dizeli haikuwapo. Nilipofungua friza nilipokewa na harufu kwanza. Rasimu ya tasnifu nayo ilikaa kwa msimamizi miezi saba, ikarudi na mikato imerekebishwa kurasa nne za mwanzo, kuanzia ya tano nyeupe. Kozi ya miaka miwili niliimaliza kwa miaka mitatu na miezi minne. Muda wote huo chuo kilikuwa kinapanda kwenye orodha, na bango la pongezi getini nililipita kila asubuhi.

Sasa hizo orodha zinapikwaje? Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inatoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (za hisabati) za wahitimu na wahadhiri wa chuo. QS, orodha nyingine ya dunia, inategemea sana kura za maoni za wanataaluma wanaoulizwa wanavihesabu vyuo gani kuwa bora; kipengele hicho kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 40, kikashushwa hadi 30 mwaka 2023. Webometrics, ambayo vyuo vyetu hupenda kuitolea taarifa kwa vyombo vya habari, inaangalia kwa kiasi kikubwa chuo kinavyoonekana mtandaoni. Sisemi ni uongo. Chuo chenye wanasayansi wa Nobel kina fedha, na fedha hununua dizeli. Ila kipimo ni cha chuo kizima, na wewe utakaa kwenye idara moja, chini ya mtu mmoja, unalilia sura ya tatu isomwe.

Watu wa mwani tuna mfano wetu. Profesa Keto Mshigeni, aliyefungua njia ya utafiti wa mwani hapa nchini akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uzamivu wake aliufanya Chuo Kikuu cha Hawaii. Kwa nini Hawaii? Hapo alikuwapo Maxwell Doty, yule aliyekuwa akihangaika kuanzisha kilimo cha mwani wa aina hii Ufilipino. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na kamba zile akina mama wanazifunga mpaka leo. Ukiwa unataka kusoma kitu, mtu wa kitu hicho yuko wapi? Swali hilo orodha haijibu.

Nilipotafuta nafasi ya uzamivu, orodha niliiacha kabisa. Nilichofanya ni kusoma tasnifu. Vyuo vingi sasa vina hazina ya tasnifu mtandaoni, bure. Chukua tatu za idara yako, za miaka mitano ya karibuni, zilizosimamiwa na mtu unayemlenga. Usianze na utangulizi, tangulizi zote zinafanana. Nenda sura ya mbinu. Je, mtu mwingine anaweza kuirudia kazi ile kwa kuisoma tu? Sampuli ngapi, kwa nini idadi hiyo, alifanya nini zilipoharibika? Kisha rukia marejeo, tazama miaka. Tasnifu ya 2022 ambayo rejeo lake la karibuni ni la 2009 inakwambia ama maktaba haina majarida ama hakuna aliyekuwa akisoma. Mwisho soma ukurasa wa shukrani, na huu ndio niupendao. Mtu aliyesaidiwa kweli huandika kwa undani: fulani alinifundisha kutumia mashine ile, fulani alikesha nami siku ya mwisho. Aliyeachwa peke yake huandika "namshukuru msimamizi wangu kwa mwongozo wake", nukta, kisha aya mbili za Mungu na mama. Ya kwangu ya uzamili iko hivyohivyo. Mama alistahili.

Tasnifu ikikupendeza, mtafute aliyeiandika. Baruapepe yake mara nyingi imo kwenye makala aliyochapisha. Usimuulize "chuo kizuri?", atakujibu kizuri, nani ataponda cheti chake mwenyewe? Uliza rasimu ilikaa kwa msimamizi siku ngapi. Uliza mlianza wangapi na wangapi wamemaliza. Uliza mara ya mwisho kifaa unachokihitaji kufanya kazi ilikuwa lini. Mimi niliwaandikia wanne, wakajibu wawili, mmoja akapiga simu tukaongea saa nzima. Alisema msimamizi wake ni mkali, hasemi asante, lakini rasimu haikai kwake zaidi ya wiki tatu, na ikirudi imejaa wino. Nikaenda kwa huyo. Kweli asante hasemi.

Msimamizi mwenyewe mwandikie pia, kabla hujathibitisha udahili. Aya mbili tu: unataka kusoma nini, na umesoma nini cha kwake. Asipokujibu sasa wakati unamtafuta kama mteja, utakapokuwa umeshalipa itakuwaje? Muulize ana wanafunzi wangapi na kama anakaribia kustaafu au kwenda likizo ya utafiti. Swali la kustaafu liulize kwa adabu, lakini liulize. Rafiki yangu alibadilishiwa wasimamizi mara tatu.

Usajili na ithibati ni kazi ya nusu saa: angalia kwenye mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi, kwetu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), Kenya CUE, Uganda NCHE. Cha nje nacho hakikisha TCU wataitambua tuzo yake kabla hujaaga nyumbani, maana kuna watu wanarudi na cheti halafu wanaanza kuhangaika maofisini. Ukiona pia idara inatamba na machapisho, fungua majarida yenyewe. Jarida linalokubali makala ndani ya siku tano baada ya kulipia halijaisoma hiyo makala.

Wasije wakanielewa kwamba nasema baki nyumbani. Naijua idara moja hapahapa ambayo sitampeleka adui yangu. Inategemea fani, na wewe fani yako hukuitaja. Ukitaka kusomea panya na visumbufu vya mazao, SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, ndipo shirika la APOPO linapofundishia wale panya wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Sijui utakwenda nchi gani upate hilo. Ukitaka isimu ya Kiswahili, TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, imebeba kazi iliyoanza tangu kamati ya kusanifisha lugha ya 1930, nawe unataka kwenda kukaa kwenye idara ambayo Kiswahili kina mwalimu mmoja? Lakini ukitaka kitu kinachohitaji darubini ya mabilioni, funga begi, na ukifika ulizia nani analipia matengenezo yake.

Umesema mwisho wa kuthibitisha ni tarehe 30. Leo ni 14. Tasnifu tatu kwa kila chuo ni sita, na sura ya mbinu mara nyingi haizidi kurasa ishirini. Taja fani yako hapa, kama ni ya bahari au kilimo kuna watu humu watakupa majina ya wahitimu wa kuwapigia kabla ya Ijumaa.