Maswali ya Wasomaji: Lori Kuukuu Lililopoteza Nguvu na Kuzidisha Ulaji wa Dizeli

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki lori lenye injini ya dizeli ya silinda sita, yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na pampu ya dizeli ya zamani isiyotumia kompyuta, ambalo limebeba mizigo kwa zaidi ya miaka 20. Siku hizi linatoa moshi wa bluu asubuhi na moshi mweusi likipanda mlima, gia zinashuka hadi ya tatu mahali nilipokuwa nikipita kwa ya tano, na dizeli inakwisha upesi. Fundi mmoja ananishauri aongeze mafuta kwenye pampu. Mwingine anasema injini ifunguliwe yote na kuwekwa pistoni mpya. Je, inawezekana kupata nguvu na wakati huohuo kupunguza ulaji wa dizeli?

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana, kwa sababu katika injini iliyochakaa nguvu na dizeli hupotelea mahali pamoja. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hubanwa hadi ikabaki takriban sehemu moja ya kumi na sita au kumi na saba ya ujazo wake wa mwanzo, ikapata joto la kutosha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa ndani yake. Mwaka 1897 injini ya Rudolf Diesel ilipopimwa kule Augsburg, Ujerumani, iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukikaribia, na siri yake kubwa ilikuwa mbano huo. Hewa inapovuja kupitia ringi (pete zinazoizunguka pistoni) au valvu (milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi), mafuta huchelewa kuwaka, mengine hayawaki kabisa, na kile ambacho kingeisukuma pistoni kinatoka kwenye ekzosi kikiwa joto na masizi.

Ushauri wa fundi wa kwanza nakuomba usiukubali. Moshi mweusi maana yake ni kwamba tayari mafuta yamezidi hewa iliyomo ndani ya silinda. Ukiongeza mafuta juu ya hayo utahisi lori limechangamka kwa siku chache, lakini utakuwa umenunua joto, na pistoni zako ni za alumini, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Nimeshika mkononi pistoni iliyotobolewa kwa njia hiyo: katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu linaloingia kidole gumba, na kingo zake zilikuwa laini kama za mshumaa uliochuruzika.

Fundi wa pili huenda yuko sahihi, ila ametoa hukumu kabla ya kupima. Mwambie apime kompresheni, yaani mbano, ya kila silinda injini ikiwa ya moto. Kiwango kamili kipo kwenye kitabu cha injini yako, lakini hata bila kitabu, silinda moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi ina jambo la kueleza. Kisha, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, aingize hewa ya kompresa ndani ya silinda hiyo na atege sikio. Hewa ikisikika kwenye mfuniko wa kujazia oili, ringi au slivu (mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimelika. Ikisikika kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa, valvu hazikai vizuri. Na rejeta ikitoa mapovu, gasketi (kizibo kati ya bloku na silinda hedi) imeungua au silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ina ufa. Kazi hiyo ya nusu siku imeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure. Kabla ya yote hayo, angalieni pia chujio la hewa, nafasi za valvu, na mabomba ya mpira kati ya tabo na injini, kwani ufa mdogo kwenye bomba hilo unatosha kuleta moshi mweusi wote unaousema.

Kwa kuwa unaona pia moshi wa bluu, ambao ni wa oili inayoungua, nadhani vipimo vitawapeleka ndani. Silinda hedi ikishaondolewa, pitisha ukucha kwenye ukuta wa slivu kuelekea juu. Ukinasa kwenye ukingo pale ringi ya kwanza inapoishia, ujue slivu imelika, na kuweka ringi mpya pekee ni kupoteza fedha, kwa kuwa ringi ya duara haiwezi kuziba tundu lililokwisha kuwa yai. Slivu zikitolewa, tazama na mgongo wake unaoguswa na maji: vishimo vidogo kama vya sindano, hasa upande mmoja, huonyesha kwamba maji yamekuwa yakizunguka bila dawa ya kuzuia kutu.

Hapa ndipo ninapoomba uwe msumbufu kwa fundi wako. Slivu ya aina hii hutakiwa kuchomoza juu ya bloku kwa sehemu ndogo mno ya milimita, na kwa usawa kwa silinda zote sita, ili gasketi ibanwe sawasawa. Injini moja niliyoifuatilia ilifungwa kwa spea mpya tupu, na baada ya majuma mawili ikachanganya maji na oili. Ilipofunguliwa tena, chini ya kikalio cha slivu ya nne palikutwa gamba la kutu jembamba kuliko ukucha, ambalo hakuna aliyelikwangua. Krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo ipimwe kwa maikromita, siyo kwa macho. Ikikerezwa, beringi zinazonunuliwa ziwe za saizi inayolingana na kilichopunguzwa.

Nguvu unayoitafuta itakamilika kwenye pampu na nozeli. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia ili kila silinda ipewe kiasi sawa cha mafuta, na nozeli zinyunyize ukungu badala ya kudondosha. Wakati wa kurudisha pampu, taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta, ifuatwe kama kitabu kinavyosema: ikichelewa, dizeli inaungulia kwenye ekzosi, ikiwahi mno, injini inagonga na kuumiza beringi.

Injini ikishawaka, usiiache ingurume bila kazi kwa saa nyingi ukidhani unaionea huruma. Ringi mpya zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae kwenye slivu. Zikikosa, ukuta wa slivu hung'aa kama kioo na injini huendelea kula oili. Oili ya kwanza imwagwe mapema, pamoja na chujio lake.

SWALI: Fundi wangu ameondoa thermostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) akisema injini ya lori kuukuu hupoa vizuri zaidi bila hicho kidude. Amekosea?

JIBU: Amekosea, ndugu yangu. Injini inayotembea ikiwa ya baridi huunguza mafuta vibaya, hunenepesha oili na kuharakisha ulikaji wa slivu. Kama ilikuwa ikichemka, chanzo kipo kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mkanda wa feni au gasketi. Tafuteni hicho, kisha mrudishe thermostati ya nyuzi zilezile zilizoandikwa na mtengenezaji.

SWALI: Nimekwisha kufanya ovaholi (kuifungua injini na kuijenga upya), nguvu imerudi, lakini dizeli haijapungua. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na vipimo: jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita, fanya safari ya mzigo na njia ile ile uliyoizoea, kisha jaza tena hadi pale pale. Rudia mara tatu kabla ya kulaumu injini. Baada ya hapo inua kila gurudumu na kulizungusha kwa mkono, kwa sababu breki inayoshika kidogo hula dizeli kimyakimya, na kitovu cha gurudumu hilo utakikuta cha moto kuliko vingine mwisho wa safari. Upepo wa matairi, na klachi ya feni iliyoganda ikizungusha feni muda wote, vifuate mara moja.