Kushuka hadi kilo 73 au kubaki 81?

Mdogo wangu, umesema unacheza judo chuoni, una kilo 77, mikono inakufa ganzi dakika ya tatu, na kocha anataka utoke daraja la uzito wa hadi kilo 81 ushuke la hadi 73. Mimi ningeanza na mikono kabla ya mizani. Pambano la wakubwa ni dakika 4, na mkitoka sare linaendelea mpaka mmoja ashinde. Tundika judogi (vazi la judo) kuukuu kwenye bomba, uning'inie kwa kuishika sekunde 20 hadi 30, mara tano.

Kisha jipime kwa kipimo cha Sterkowicz: wenzako wawili wa uzito wako wasimame umbali wa mita 6, wewe katikati, uwakimbilie na kuwatupa kwa zamu kwa ippon-seoi-nage (kumrusha mtu kupitia juu ya bega lako) sekunde 15, 30, tena 30, ukipumzika sekunde 10 kila katikati. Jumlisha mapigo ya moyo ya mara tu umalizapo na ya dakika moja baadaye, ugawanye kwa idadi ya mitupo. Namba ikipungua, unaiva.

Hizo kilo nne? Kama ni kitambi, punguza nusu kilo kwa wiki: ugali kidogo, maharage na samaki vibaki palepale. Kama huna mafuta, baki 81. Kujinyima maji usiku wa kuamkia mizani usithubutu. Mimi nilijaribu, nikapanda tatami, mkeka wa pambano, miguu ikitetemeka.